Majina Niliyoyasoma Kisimani

Juzi walikuja kwangu vijana wanne wanaosomea ualimu. Wakaniamkia vizuri, wakakaa, wakasema wanataka kusikia jinsi tulivyofundisha zamani za Mjerumani. Kabla sijafungua mdomo, mmoja wao alianza kulalamika kuhusu wazazi wa kijiji alichopangiwa. Hawajali, alisema. Ukiwaita hawaji, na wakija wanakaa kama wamelazimishwa. Nikamwuliza ameingia nyumba ngapi tangu afike. Akanijibu kwamba yeye ni mwalimu, hakutumwa kuzunguka majumbani kama mchuuzi.

Nilicheka, kwa sababu nilipokuwa na umri wake nilijibu hivyo hivyo. Halafu kicheko kikanikauka, nikazungumza nao habari za mvua na mazao mpaka wakaaga. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyoshindwa kuwaambia siku ile. Someni ninyi, na wengine mtakaokuja nyuma yao.

Mimi ni Mgogo, mzaliwa wa upande wa Gulwe. Serikali ilinipeleka kufungua shule katika kijiji kimoja kusini ya Zuzu, miaka michache baada ya reli kupita. Waliona nitafaa kwa kuwa nilijua lugha ya watu na nilijua kusoma. Nilipewa kanzu mbili, vibao ishirini vya kuandikia, boksi la chaki, na daftari moja kubwa lenye jalada jeusi. Mwalimu aliyenifundisha kazi, mtu wa pwani, hodari wa hesabu na mkali kupita kiasi, alinipa somo moja tu kuhusu wazazi: mzazi aitwe na mwalimu mara moja, na mara ya pili aitwe na askari. Nililibeba somo hilo pamoja na vile vibao.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kuchekesha, na nitalisema mapema kwa sababu mengine hayachekeshi. Nilipata kipande cha reli kilichoachwa na mafundi, nikakitundika nje ya shule, na asubuhi ya kwanza nikakigonga kwa nyundo kwa nguvu zangu zote. Ilikuwa saa ya kukamua. Ng'ombe wa kijiji kizima walishtuka, wakapiga mateke vibuyu, maziwa yakamwagika, ndama wakakimbilia porini. Wanafunzi niliowategemea hawakuja hata mmoja. Walikuja mama zao, kama kumi na wawili, wengine na michi ya kutwangia mikononi, wakanizunguka wakiniuliza kama nina akili timamu. Nilijifungia ndani ya shule yangu mpya mpaka jua lilipokuwa kali.

Baada ya hapo watoto walikuja watatu, wanne, kisha hawakuja tena. Nikamwita kila baba mara moja, kama nilivyofundishwa. Hawakuitika. Basi nikaandika barua kwa akida, mkubwa wa serikali wa upande ule, na akida akaleta askari.

Katika kijiji kile alikuwapo mtu mmoja aitwaye Ndahani, mrefu, mkimya, mwenye mke aitwaye Matika na watoto watatu. Mwanawe wa kiume nilikuwa nimemwandika daftarini, naye hakuwa amefika hata siku moja. Askari walimlaza Ndahani chini mbele ya shule wakampiga viboko hamsa ishirini, vile ishirini na vitano tulivyovijua wote enzi zile, na mwanawe aliambiwa asimame karibu aone. Mimi nilisimama mlangoni na kanzu yangu nyeupe. Kesho yake shule ilijaa. Nilifurahi, sitawaficha. Niliandika kwa akida kumshukuru.

Lakini wale watoto walikaa kama mawe. Nikisema sema "a", hawasemi. Nikimpa mtoto kibao, anakishika kama anavyoshika kitu cha moto. Wiki mbili baadaye niliamka nikakuta nusu ya nyumba ziko kimya: watu walikuwa wamehamisha mifugo na watoto kwenda malisho ya mbali, upande ambao askari hawafiki. Shule ikabaki na mimi na chaki zangu.

Aliyenifungua macho alikuwa Matika, mke wa Ndahani. Hakuja kunifundisha kitu. Alipita njiani na mzigo wake wa chumvi, ile inayochujwa kutoka kwenye udongo wa mbugani, nami nikamsimamisha nikamwuliza, kwa sauti ya mwalimu, kwa nini anamnyima mtoto wake elimu. Aliutua mzigo chini taratibu.

"Mwalimu," alisema, "unamtaka mtoto. Ng'ombe wangu watachungwa na nani? Na wewe?"

Nikasema ndiyo. Nilisema kwa hasira tu, lakini alilichukua neno langu kama lilivyo. Asubuhi iliyofuata ng'ombe sita na ndama mmoja walikuwa mbele ya mlango wangu, na yule kijana wake akaingia darasani peke yake akakaa.

Nilichunga siku tatu. Nilikuwa nimekulia kwenye ng'ombe, lakini miaka ya shule ilikuwa imenitoa kazi hiyo miguuni. Siku ya pili waliingia katika shamba la uwele la mzee mmoja, na mzee yule akanitukana mbele ya watu mpaka nikaomba radhi nimepiga magoti. Siku ya tatu ndama alipotea nikamtafuta mpaka magharibi, midomo imepasuka kwa kiu. Nikaelewa kwamba yule mtoto niliyekuwa namwita mtoro alikuwa mfanyakazi, tena hodari kuliko mimi, na kwamba nikimtoa kwenye kazi yake bila kuweka mtu mahali pake nitakuwa nimeibomoa nyumba.

Kwa hiyo sikilizeni, haya ni ya kazi. Nilikwenda nyumba kwa nyumba, bila kofia, nikakaa walipokaa, nikala mlenda walionipa. Sikuanza na habari za shule. Niliuliza nani anachunga, nani anateka maji, nani analea mdogo. Tukapatana na wazazi kwamba nyumba nne nne ziunganishe mifugo yao na watoto wachunge kwa zamu, ili kila mmoja apate siku za kusoma. Tukapatana kwamba masomo yaanze baada ya kukamua. Na kwamba uwele ukianza kukomaa shule ifungwe, maana huwezi kumtoa mtoto kwenye ulingo wa kuamia ndege halafu ukategemea mama yake akupende wakati ghala li tupu. Mkaguzi mmoja, miaka mingi baadaye, alinikaripia kwa kufunga shule msimu wa ndege. Nilimwambia aje ale silabi na watoto hao mwezi wa njaa. Alinipa alama mbaya.

Jambo kubwa kuliko yote lilikuwa kisima. Kiangazi, maji yetu yalikuwa chini ya mchanga wa korongo. Wanawake na wasichana walichimba na kungoja, maji yakitoka kidogo kidogo, na foleni ilikula nusu ya siku. Nikahamishia darasa pale. Sikuhitaji vibao, kwani mchanga ulitosha. Wavulana waliandika kwa vidole, na mama zao waliokuwa wakingoja zamu ya maji wakaona kwa macho yao nini hasa kinafanyika huko shuleni. Wasichana hawakuwamo katika daftari langu, kwa sababu serikali haikuwaulizia, lakini nani angewafukuza kisimani? Binti wa Matika, aitwaye Mbeleje, alikuwa na miaka kama kumi. Alijifunza herufi akiwa na mdogo wake mgongoni, akawapita wavulana wote.

Na Ndahani akaja. Wanaume walileta ng'ombe kunywa, naye alisimama nyuma ya binti yake, ameegemea mkuki, anatazama mchanga. Alikaa hivyo siku nyingi bila kunisemesha. Halafu siku moja akaniuliza jina lake ni lipi katika daftari langu. Nikamwonyesha.

"Nataka kujua unaandika nini juu yangu," alisema. "Ulipoandika mara ya kwanza, nilipigwa."

Nikaanza kumfundisha. Alijifunza jina lake, kisha jina la mkewe, kisha akataka kujua majina yote yaliyomo. Maana daftari lilikuwa limenenepa. Kwa kuwa nilikuwa nimejifunza kuwajua wazazi, niliandika kila nilichojifunza: baba wa mtoto huyu ni nani, anakaa nyumba ya ngapi kutoka kisimani, ana mifugo mingapi, ana nguvu au mgonjwa, nani anaweza kusaidia kuezeka shule. Nilijivunia sana kurasa hizo. Ndahani alizipitia kwa kidole, polepole, na mahali fulani akasimama akasema nimeandika ng'ombe saba na yeye ana sita. Nikafuta. Wanawake wakacheka. Mwaka ule ulikuwa mwaka wangu bora katika kazi hii.

Kisha vita vya Wajerumani na Waingereza vikaanza.

Mwanzoni tulivisikia tu kwa treni zilizopita zimejaa askari. Baadaye wakaanza kutaka nafaka, kisha ng'ombe, kisha watu wa kubeba mizigo. Katika vijiji vya jirani watu walikamatwa njiani na minadani. Kwetu wazazi waliniuliza kama shule itawasaidia, na mimi niliwaambia sijui.

Akida akaniita. Hakuwa mtu wa kelele. Alinipa kiti, akaniuliza habari za wanafunzi, akasema amesikia kwamba ninawajua wazazi wangu kuliko mwalimu yeyote wa upande ule. Akasema serikali inataka kuwatambua baba wenye watoto shuleni ili wasiguswe na kazi ya mizigo. Nilete daftari.

Nililipeleka mwenyewe. Nilitembea haraka, nikifikiri jinsi nitakavyorudi na habari njema. Makarani wawili wakakaa wakanakili kurasa zangu, nami nikawasaidia pale ambapo mwandiko haukusomeka. Mnaponiuliza kosa kubwa la maisha yangu ya kazi, ndilo hilo. Mwenyewe nililiita uaminifu.

Baada ya siku tisa walikuja askari na yule akida, wakazunguka kisima saa ambayo wanaume hunywesha. Karatasi ilikuwa mikononi mwa sajini, mtu wa mbali asiyeweza kuyatamka majina ya Kigogo. Alijaribu mawili, hakuna aliyeitika. Akida akanitazama, akanipa karatasi, akasema nisome.

Palikuwa na majina kumi na manne. Yote yalikuwa ya wazazi wa wanafunzi wangu, walioandikwa kwa mpangilio niliouweka mimi, nyumba ya kwanza mpaka ya mwisho, na wale niliowaandika wagonjwa walikuwa wameachwa. Sajini asingeweza kuyafuata majina yale. Akida alikuwa amegeuka kuwatazama ng'ombe. Ningeweza kuruka jina. Nimeirudia saa ile mara nyingi, na kila mara naona kwamba ningeweza kuruka hata matano, na pengine nisingejulikana. Sikuruka hata moja. Niliogopa, na pia, niseme ukweli wote, nilikuwa nimezoea kusoma kilichoandikwa.

Kila niliyemtaja alifungwa kamba shingoni pamoja na mwenzake. Ndahani alikuwa wa sita. Alikuwa amesimama karibu yangu kiasi cha kuiona karatasi, na kidole changu kilipofika kwake aliangalia herufi zile, akaniangalia mimi.

"Umesoma sawasawa," alisema.

Akampa mwanawe mkuki na kwenda mwenyewe kwenye kamba.

Sitaki kuwaelezea sana miezi iliyofuata. Wanajeshi walipita wakarudi nyuma wakapita tena, na kila waliopita walichukua. Mvua haikunyesha vya kutosha. Watu walichimba mizizi. Mtoto wa mgongoni wa Matika, yule ambaye Mbeleje alijifunza kusoma akiwa amembeba, alikufa kwanza, kisha wengine wengi. Mimi nilifungua shule kila asubuhi, na hakuna aliyekuja. Nilipopita njiani wanawake walinyamaza mpaka nipite. Nilipokwenda kisimani waliniachia nafasi, wakanisubiri nichote niondoke. Ningependelea wanitukane.

Wajerumani walikuwa wamekwisha kuikimbia reli Malogo aliporudi. Malogo alikuwa mmoja wa wale kumi na wanne. Alikuja peke yake, mguu mmoja umeoza vidole, na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtoto. Alikuwa na tabakero, kile kikopo cha ugoro, na ndani yake hamkuwa na ugoro. Mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nyingi. Ilikuwa karatasi ya kutambulisha mzigo, zile zilizofungwa kwenye masanduku, na nyuma yake palikuwa na maandishi ya penseli. Malogo alisema Ndahani aliandika. Kila mwenzao alipoanguka, Ndahani aliandika jina lake na jina la mahali, kama alivyolisikia kwa wenyeji. Walipotengana, kila mmoja akiwa amepangiwa msafara wake, alimpa Malogo karatasi kwa kuwa Malogo alikuwa ameamua kutoroka.

Watu walikusanyika kisimani, asubuhi. Nilikwenda pia. Karatasi ilipotolewa, mkono wangu ulinyooka wenyewe kuipokea, kwa mazoea tu, maana barua zote za kijiji nilizisoma mimi. Matika akaiwahi.

"Wewe ulisoma walipoondoka," aliniambia. Hakupaza sauti. "Hii atasoma Mbeleje."

Mbeleje alikuwa amekonda mpaka magoti yake yalikuwa mapana kuliko mapaja. Aliishika karatasi kwa mikono miwili, akaanza. Baba yake hakujua kuandika zaidi ya majina, kwa hiyo hapakuwa na maneno ya kufariji wala maelezo, ni jina na mahali, jina na mahali. Aliposoma jina, alinyamaza mpaka wa nyumba ile walie kwanza, halafu akaendelea. Hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo. Mimi niliposoma yangu sikumpa mtu hata nafasi ya kuaga.

Majina yalikuwa tisa. Alipomaliza aligeuza upande wa pili, akatazama, akarudisha tena. Nikajua anatafuta nini. Akamwuliza Malogo kama kuna karatasi nyingine. Malogo akasema hakuna, akasema baba yake alikuwa hai walipoachana, ila alikuwa na homa. Ndahani hakurudi, wala watatu wengine. Hawakuwa na mtu wa kuwaandika.

Siku ile ile nilifunga kanzu zangu na vibao vilivyobaki. Nilikwenda kwa Matika kumwambia naondoka, na kwamba nimekuja kusema nililolifanya, ingawa alilijua. Alikuwa anachuja chumvi. Nilisema yote, tangu kiti cha akida mpaka kidole changu kwenye jina la sita. Hakuacha kazi yake. Nilipomaliza nikangoja.

"Usiende," alisema. "Ukienda, watatuletea mwingine tusiyemjua. Kaa hapa tukuone."

Nilifikiri kwanza ni msamaha. Haukuwa. Mvua ziliporudi na watu wakapata nguvu kidogo, walikuja watoto wawili shuleni, kisha watano, na Mbeleje akiwa miongoni mwao bila kuuliza mtu. Na kila siku alikuja mzazi mmoja, mara nyingi mama, akakaa sakafuni karibu na mlango tangu nianze mpaka nimalize. Walikuwa wamepanga zamu wenyewe, kama zile za kuchunga. Waliangalia mikono yangu. Daftari walilitaka lilale kwa Matika, nikilihitaji nikaliombe, na kabla sijalirudisha Mbeleje alisoma nilichoongeza.

Ninyi vijana mnasema wazazi hawashiriki. Mimi nimefundisha miaka yote iliyobaki ya kazi yangu nikiwa nimeangaliwa na mtu aliye na haki ya kuniangalia, na nimejua kwamba nilifundisha vizuri zaidi kwa sababu hiyo. Kama mnataka wazazi waje, msiwaite kuja kusikiliza hotuba zenu. Waonyesheni mnachoandika juu ya watoto wao na juu yao. Waacheni wawakatalie. Na mkiambiwa na mkubwa yeyote mlete majina, kwa sababu yoyote nzuri, rudini kwanza mkawaulize wenye majina.

Matika alikaa zamu yake kwa karibu miaka miwili bila kunisalimu. Alikuja, akakaa, akaondoka. Nilizoea kufundisha nikijua yuko nyuma yangu, kama mtu anavyozoea kidonda. Asubuhi moja nilikuwa ubaoni nafundisha kugawanya. Nilikuwa nimechoka, nikaenda haraka, nikafuta ubao nianze jingine. Ndipo nikasikia sauti yake kutoka mlangoni.

"Mwalimu, rudia hapo. Huyu wa nyuma hajaelewa."

Nikageuka. Alikuwa ananyoosha kidole kwa mtoto ambaye hakuwa wake, aliyekuwa ameinamia kibao chake akiona aibu kuuliza. Nikachukua chaki, nikarudia tangu mwanzo.